Kura ya kubadili katiba ya mji iko mezani kwangu wiki nzima, naombeni ushauri

Mama Neema (2 Novemba 2022)
Wanajamvi, usingizi hauji. Niko Portland, Oregon. Tarehe 8 tunapigia kura katiba ya mji. Tangu 1913 tunaongozwa na meya na makamishna wanne, wote wanachaguliwa na mji mzima. Sasa tume ya katiba, wajumbe 17 kati ya 20, inataka wilaya nne zenye madiwani watatu kila moja. Sisi wa mashariki, ng'ambo ya 82nd Avenue, tumesahaulika mno. Mtaani kwetu hakuna njia ya waenda kwa miguu, mwanangu alikuwa anafika kituo cha basi na matope hadi magotini. Nipige ndiyo, au nisubiri pendekezo lingine? Bahasha naogopa hata kuigusa.

Mzee wa Buguruni
Piga ndiyo, mama. Diwani mwenye kata yake unajua pa kumpata. Wa kwetu tulimngoja nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, tukamwonyesha mtaro umeziba. Wiki ile ile ukazibuliwa.

Kisauni Damu
Sisi Kenya tuna wadi 1,450 na MCA, yaani diwani, kila wadi tangu 2013. Wangu kumwona mpaka msiba. Wadi peke yake haitoshi.

Dogo wa Seattle
Huku tulibadilisha 2013, viti saba vya wilaya na viwili vya mji mzima. Portland wanakwenda mbali zaidi: unapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na anayevuka robo ya kura za wilaya anaingia, kwa hiyo hata walio wachache wanapata mtu wao. Ila dada, mambo haya unayajua kuliko sisi, na ndiyo yako inasikika hadi huku. Hiyo bahasha unaiogopea nini?

Mama Neema
Basi tu, mdogo wangu. Nataka uhakika.

Bibi Sheria
Mama Neema, anwani iliyo kwenye bahasha bado ndipo unapoishi?

Mama Neema
Hapana. Septemba kodi ilipanda, tukahamia Gresham, mji wa jirani. Bahasha niliwekewa na jirani wa zamani. Lakini pale nimeishi miaka 11! Tume ilipoomba maoni nilitoa, sauti inatetemeka. Shamba nimelima mimi, mavuno yamefika naambiwa si mwenyeji? Na ndiyo nimeshaijaza, bado sahihi tu.

Mkata Chai
Hii ni chai. Kura ya serikali inalala mezani kwa mtu wiki nzima? Wakala wa chama yuko wapi, jikoni?

Mzee wa Buguruni
Hata mimi hapo nimeshtuka. Na wino wa kidoleni?

Mama Neema
Ndugu zangu, Oregon tunapiga kura kwa posta. Unajaza kiduara kwa kalamu, unarudisha kwa bahasha, na nje ya bahasha unatia sahihi, wanailinganisha na ile waliyonayo. Ningekuwa natunga ningejitungia nyumba yangu ya Portland, nisingehama.

Bibi Sheria
Mimi nakuamini. Kwa sahihi hiyo unathibitisha kwamba kura ni haki yako, na haki hiyo imebaki Portland. Usitie. Badilisha anwani leo mtandaoni, wanapokea hadi saa mbili usiku siku ya uchaguzi, kisha uombe karatasi ya Gresham. Bado uko kaunti ya Multnomah, na kaunti nayo inapigia kura mfumo wa kupanga wagombea kwa namba. Hiyo ni yako kabisa.

Mama Neema
Nimelia kidogo. Anwani nimebadilisha sasa hivi. Yule jirani bahasha yake hajaifungua, anasema maandishi ni mengi. Kesho nikitoka kazini nakwenda kumsomea. Hilo nalo lina neno?

Bibi Sheria
Halina. Ila kalamu ashike yeye.