Kufundisha kliniki ya sheria ya familia Dodoma: nianzie wapi?

NzuguniB: Wakuu, habari za majukumu. Nina shahada ya sheria, nalenga kufundisha chuo hapa Dodoma, hasa kliniki ya sheria (wanafunzi wanajifunza kwa kusaidia wateja halisi) upande wa ndoa: talaka, mali, malezi ya watoto. Uwakili ni lazima, au uzamili unatosha? Na mwanafunzi akiletewa mteja wake wa kwanza, aanze na nini?

Mlimwa_C: Mkuu, matangazo ya uhadhiri msaidizi kwa kawaida yanataka GPA 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili, kwa hiyo matokeo ndiyo mlango. Uwakili mara nyingi hawauandiki, ila kliniki isiyo na wakili inabaki darasa tu. Mwanafunzi hasimami mbele ya hakimu kumwakilisha mtu, na msaidizi wa kisheria naye hivyo hivyo. Nenda kwanza kule Dar, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, utafute uwakili, ndipo urudi.

Mteja wa talaka: mwanafunzi asianze na ugomvi, aombe karatasi ya baraza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, inataka shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi, nalo lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Kifungu cha 106(2) kinataka hati hiyo ya baraza iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Isomeni neno kwa neno. Mama anaweza kutoka Chamwino na barua yenye mhuri safi iliyoandikwa "tunawaleta kwenu kwa hatua zaidi". Hapo hakuna aliyesema usuluhishi umeshindikana. Hakimu akiipitisha, upande wa pili utakata rufaa, mwenendo mzima utafutwa na mtarudi kata mkaanze upya.

Kizota2: Naongezea: baraza lina misamaha yake. Mume aliyetoroka na hajulikani alipo, aliyegoma makusudi kuhudhuria barazani, au aliyefungwa miaka 5 na zaidi, hao wamo kwenye 101 yenyewe. Na ndoa isiyofikisha miaka 2 inahitaji kibali cha mahakama, kifungu cha 100. Wanafunzi hukisahau sana hicho.

NzuguniB: Asante wakuu. Kwenye mali je? Darasani tumeambiwa Bi Hawa Mohamed, yule mke aliyedai mgawo wa mali baada ya talaka, alimaliza mjadala.

Mlimwa_C: Alimaliza nusu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango, lakini yeye mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu fedha alizokuwa amepewa na mume zilihesabiwa kama fungu lake. Wanaomnukuu wengi hawakufika ukurasa wa mwisho.

Wape zoezi la huku kwetu. Mume alikuwa na shamba la zabibu kabla ya ndoa, mke kalihudumia miaka 9. Kifungu cha 114(3) kinaingiza mali ya kabla ya ndoa ikiwa mwenzi mwingine, au wote kwa pamoja, wameiboresha kwa kiasi kikubwa. Sasa wathibitishe: nguzo na waya zilinunuliwa lini, nani alilipa wapogoaji, risiti za mauzo ya kila msimu ziko kwa nani, jirani gani wa shamba atatoa ushahidi. Mwanafunzi atakayeandika "mke alisaidia shambani" mrudishie faili.

Kizota2: Na ya watoto: dhana kuwa mtoto chini ya miaka 7 akae na mama inapingika. Wasiiandike kama haki ya mama. Waandike nani anampeleka mtoto zahanati na analala wapi.