Tupeane uzoefu: komenti za PHP zilizowahi kuangusha kazi

Nahodha wa Mikindani
Wakuu wa Kusini, leo nimekuta mfumo wa shule moja huku Mtwara unamwaga mistari ya programu mbele ya wazazi. Chanzo ni komenti, yaani maelezo ya mwandishi ndani ya programu ya PHP, lugha ya kutengeneza tovuti. Vijana wanafundishwa kwamba kilicho baada ya // hakisomwi, kisha wanaachwa hapo hapo. Yaliyowakuta tupeane.

FundiLigula
Kweli mkuu. Komenti za // na # huishia mwisho wa mstari au kwenye ?>, alama ya kufunga PHP, chochote kitakachotangulia.

BintiNewala
Umenikumbusha msimu wa korosho. Chama kimoja cha msingi kilikuwa na mfumo wa kupokea mizigo ghalani. Aliyeutengeneza alishahama, na aliyemrithi akaacha maelezo juu kabisa ya faili la kuunganisha hifadhidata:

// bei ionyeshwe hivi: <?= $bei ?> msimu ukianza

Ile ?> ikafunga PHP pale pale. Kilichofuata chote, jina la mtumiaji, nywila ya hifadhidata, kikawa maandishi ya kawaida na seva ikayatuma kwenye skrini. Wakulima wamejaa nje wanasubiri stakabadhi, karani ananiuliza, "Dada, haya ndiyo bei?" Nilibadilisha nywila kwanza, ndipo nikagusa faili. Stakabadhi zilitoka jua limezama. Mzee mmoja wa Kitangari alilala barazani na magunia yake, na hilo linaniuma hadi leo.

Kilwa Kivinje
Nywila hadharani! Pole dada.

MwanaLindi
Hamieni lugha nyingine, mateso yaishe.

FundiLigula
Kaka, mteja ana mfumo unaomlisha. Utauandika upya kwa hela ya nani?

MwanaLindi
Kwa hela ya hasara mnayoisimulia hapa.

Mtama Njiapanda
Mimi nilikuta komenti ya /* */, inayoanzia /* na kuishia */. Mtu kaweka ratiba ya kron, chombo cha kuendesha kazi kwa muda uliopangwa, ndani ya komenti: */5 * * * *, yaani kila dakika tano. Ile */ ikafunga komenti, iliyobaki ikasomwa kama programu, mfumo ukagoma. Tena hizi hazikai moja ndani ya nyingine. Tumieni // kila mstari.

BintiNewala
// ndiyo iliyonitesa! Ndani ya /* */ ile ?> haina nguvu. Tumieni hiyo.

Nachingwea Mjini
Futeni mstari usiotakiwa, Git, chombo cha kutunza matoleo ya programu, itautunza.

Mwalimu wa Masasi
Hamjataja <!-- -->, komenti ya HTML, lugha ya kurasa za wavuti. Nilikuta kipande cha kufuta rekodi "kimefichwa" humo, na bado kilifuta rekodi kila mara ukurasa ulipofunguliwa. PHP hukimbia kwenye seva, na komenti ya HTML kwake ni maandishi tu. Tena faili lenye PHP peke yake msilifunge kwa ?> mwishoni.

MwanaLindi
Unachokifungua unakifunga, mwalimu.

Mwalimu wa Masasi
Sivyo hapa. Mstari mpya mmoja baada ya ?> humezwa, wa pili hutumwa kwa brauza, na vichwa vya HTTP, maelezo yanayotangulia ukurasa kama kuki za kuingia, haviwezi tena kubadilishwa. Watu wanakesha wakitafuta kwa nini kuingia kwenye akaunti kumegoma. PSR-12, mwongozo wa uandishi wa PHP, nayo inakataza.

Kilwa Kivinje
Nina mfumo wa zamani umejaa komenti za #. Ziko salama?

FundiLigula
Tafuta #[ kwanza. Kuanzia PHP 8.0 ya 2020 hiyo ni mwanzo wa atributi, maelezo ya ziada ambayo PHP yenyewe huyasoma. Weka nafasi katikati, itabaki komenti.