Anayechora "fizikia" bila kuijua fizikia: ni msanii au anatuuzia maneno?

ticha_wa_mawimbi: Wakuu habari. Siku hizi ukienda maonyesho unakuta madoa na mistari, pembeni kibandiko kimeandikwa "Mawimbi ya Uvutano". Nafundisha fizikia sekondari, nikamuuliza mchoraji hayo mawimbi ni nini (ni mtikisiko wa nafasi na muda unaosafiri angani), akabaki ananiangalia. Msimamo wangu: kama hukijui kitu usikitumie kupandishia bei. Mnaonaje?

KakaBrashi: Ticha, Pollock, yule mchoraji Mmarekani, ameanza kudondosha rangi kwenye turubai sakafuni 1947, amekufa 1956, neno fraktali (umbo ambalo vipande vyake vidogo vinafanana na zima lake) limekuja 1975. Halafu 1999 mwanafizikia Richard Taylor na wenzake wakazipima zile picha wakaandika kwenye jarida la Nature kwamba zina fraktali. Rangi ikianguka inafuata uvutano na mnato wake, haimuulizi mchoraji alipata ngapi form four.

ticha_wa_mawimbi: Malizia stori basi. 2006 Jones-Smith na Mathur wakaandika humohumo Nature kwamba hata vinyota vya kuchora ovyo vinafaulu kipimo kile. Halafu hilo la form four sijalipenda, mimi sijamdharau mtu. Ndo maana naheshimu michoro ya Tingatinga, rangi ya baiskeli na hadibodi, chui unamjua ni chui. Haya ya dhahania, yasiyo na umbo la kitu unachokijua, hatukuwahi kuwa nayo sisi, tunaiga Wazungu tu.

bintiMtwara: HATUKUWAHI?? Wewe vinyago vya mawingu vya Wamakonde hujawahi kuviona? Nenda soko la vinyago Mwenge, Dar, leo. Hakuna mtu mle wala mnyama, ni mkunjo na uwazi tu, jicho linazunguka halipati pa kutua. Na mpingo una fizikia yake, mzito mpaka unazama majini, nje mweupe ndani mweusi, una nyufa na vidonda, fundi anaufuata unakompeleka maana ukilazimisha unapasuka. Uje uniambie tumeiga!

OG_Kariakoo: Dada punguza jazba. Mitindo ya shetani (vinyago vya mizimu) na mawingu si ya mababu, ni juzi tu, miaka ya hamsini kwenda sitini, na aliyekuwa ananunua ni Peera, Mhindi mwenye duka hapa Dar. Biashara ya watalii hiyo.

bintiMtwara: Kwa hiyo mnunuzi ndo mchongaji? Aliyechonga shetani ni Samaki Likonkoa, jina lake hujalitaja, la mwenye duka umelikumbuka. Hilo ndo linaniuma.

OG_Kariakoo: Sijasema hakuchonga. Nimesema soko. Unaweka maneno mdomoni mwangu.

KakaBrashi: Jamani turudini kwenye mada. Kandinsky, mchoraji Mrusi wa picha za dhahania, aliandika 1913 kwamba habari za atomu kugawanyika zilimtikisa akaona kama dunia nzima imevunjika. Hesabu za atomu hakuzifanya yule, ila habari ilimwingia na picha zikabadilika, mimi hiyo inanitosha kabisa.

ticha_wa_mawimbi: Kandinsky kasema kilichompata, sina neno naye. Wangu kaandika jina la kitu asichoweza kukielezea. Ila bintiMtwara, huyo fundi wa mawingu anabandika maelezo?

bintiMtwara: Habandiki chochote. Ukimuuliza anakupa kinyago ukigeuzegeuze mwenyewe.

ticha_wa_mawimbi: Basi huyo ndo wa upande wangu.

bintiMtwara: Hana upande wako, futa kwanza ile "hatukuwahi".

OG_Kariakoo: Na mimi nasubiri mtu anijibu la soko.