Chai ya asubuhi chumbani tukiwa likizoni Mtwara na Lindi: tufanyeje bila kuvunja taratibu za wenyeji wetu?

Mama wa Watatu, Morogoro

Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi na mume wangu tumekuwa tukidunduliza tangu mwezi wa tatu ili Desemba hii, shule zitakapofungwa, tuwapeleke watoto wetu kusini. Wa kwanza ana miaka 14, wa pili 9 na wa mwisho 5. Tutalala Mtwara mjini siku nne na Lindi siku mbili, kisha tukiwa njiani kurudi tutaingia Kilwa Masoko ili tuvuke kwenda Kilwa Kisiwani, kwa sababu yule mkubwa amesoma shuleni habari za magofu yale na karibu kila jioni ananiuliza kama kweli tutayaona.

Nauli tayari ipo. Kinachotuelemea ni chakula, hasa chai ya asubuhi. Loji tuliyozungumza nayo Mtwara ina bei mbili: chumba pamoja na kifungua kinywa cha watu wawili ni shilingi 50,000, na chumba bila kifungua kinywa ni shilingi 40,000. Tutahitaji vyumba viwili, na mtu wa tano atalipiwa 8,000 kila asubuhi. Kwa hiyo chai peke yake ni shilingi 28,000 kwa siku, yaani 112,000 kwa siku nne, ilhali mtoto wangu mdogo ninamjua: atakula nusu andazi na yai ataliacha kwenye sahani. Fedha hiyo ningependa iende kwenye mashua ya Kilwa na kwenye safari ya ufukwe wa Msimbati. Kule Lindi bei ni moja tu, mle msile, na chai ni ya watu wawili kwa kila chumba.

Nimefikiria tuchukue vyumba visivyo na kifungua kinywa, tubebe chupa mbili za chai, birika la umeme, majani na sukari, kisha vitafunwa tununue mtaani. Mume wangu anaogopa kwamba tutaonekana watu tusio na adabu, tunaohamishia jiko letu kwenye nyumba ya mwenzetu. Naomba waliowahi kufanya hivi, au wenyeji wa huko, mnieleze: ni vyakula gani vinafaa, vipi havifai kwa joto la Desemba, na wenye loji hulionaje jambo hili?

Bibi wa Shangani, Mtwara

Mwanangu, karibuni sana Mtwara. Mpango wako ni mzuri na hauna aibu yoyote ndani yake, ila nakushauri usifikirie kupika. Kwa nini upike, wakati nusu ya mji huu huamka alfajiri kuwapikia wengine? Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi utawakuta kina mama kwenye baraza za nyumba zao na pembezoni mwa njia za mitaani wakiuza vitumbua, maandazi, chapati, mihogo ya kuchemsha na ya kukaanga. Kazi yako ni kuwa na hotipoti yako na kikapu, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na mama wa vitumbua mara nyingi atakufungia kwenye karatasi ambayo mafuta huipenya kabla hujafika chumbani. Nenda mapema. Ikifika saa tatu wengi wao wamekwisha kuondoka, na utakachopata ni maandazi yaliyobaki, ambayo si mabaya ila si yale ya saa kumi na mbili.

Nikupe hesabu ya bei ninazonunulia mimi mtaani kwetu. Chapati nane kwa shilingi 500 ni 4,000. Mayai matano ya kuchemsha kwa 500 ni 2,500. Vitumbua vitano kwa 200 ni 1,000, na ndizi pamoja na maembe ya 2,000 yatawatosha wote watano. Jumla ni 9,500 badala ya 28,000. Kila asubuhi utabakiza 18,500, na kwa siku nne ni 74,000. Desemba ni msimu wa maembe, kwa hiyo kwenye matunda usijibane.

Usije ukaondoka Mtwara bila watoto kuonja mihogo yetu ya asubuhi pamoja na chumvi na pilipili, na mkibahatika kuikuta ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini inayochemshwa na kuuzwa kwa mafungu, inunueni. Watoto huipenda kwa sababu huimenya wenyewe. Mbaazi za nazi ni chakula chetu cha heshima, lakini hizo zileni palepale mnaponunua, zikiwa za moto. Tui la nazi huchacha upesi kwenye joto hili, na chombo kilichofunikwa vizuri huliharakisha badala ya kulizuia.

Korosho za kukaanga nazo ni akiba nzuri ya asubuhi, kwa kuwa hazihitaji friji wala moto. Nunua zilizokwisha kubanguliwa. Wakataze watoto kuokota korosho mbichi na kuzivunja kwa meno, maana ganda lake lina mafuta yanayochoma midomo na ngozi. Nimewaona watoto wa wageni wakilia siku nzima kwa jambo ambalo sisi wa huku tulionywa tungali wadogo.

Siku ya Msimbati msile chumbani kabisa. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka mjini, na ufukwe ule umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo wekeni fedha ya kiingilio pembeni. Fungasheni chai na chapati, muondoke mapema, mtandike mkeka chini ya mvinje, na takataka zenu mrudi nazo.

Neno moja kwa atakayesoma uzi huu akipanga kuja katika mwezi wa Ramadhani. Huku pwani wakazi wengi ni Waislamu, na mchana wa mwezi huo hutawakuta kina mama hao barazani. Vyakula hujaa jioni wakati wa kufuturu. Wakati huo kula chumbani ni nafuu ya fedha na pia ni stara kwa wenyeji wako, ila usiku nunua vile tu vinavyoweza kulala: mkate, maandazi makavu, ndizi na korosho.

Mpokea Wageni, Lindi

Dada, nimefanya kazi ya mapokezi katika nyumba za wageni kwa miaka mingi, na ningependa mume wako atulie moyo. Mgeni anayenunua chapati na kula chumbani hatusumbui hata kidogo. Wanaotusumbua ni wale wanaotuficha. Mkiwasha birika kimyakimya na umeme ukakatika upande mzima wa jengo, mhudumu atahangaika kutafuta sababu kwenye swichi kuu, wakati neno moja la mapema lingetosha. Ukifika, sema wazi: "Tuna birika dogo la umeme, tunaomba kujua kama linaruhusiwa." Kwingine mtaruhusiwa, na kwingine mtaambiwa mlete chupa zenu jikoni mjaziwe maji ya moto, ambalo kwa maoni yangu ndilo jambo bora zaidi, kwa sababu halina waya wala mvuke karibu na mtoto wa miaka mitano.

Kitu ambacho sitakubali hata ukinisihi ni moto. Jiko la mkaa likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke. Mtungi mdogo wa gesi nao si wa kuwekwa kati ya vitanda na mapazia. Hita ya waya ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji ni hatari vilevile, hasa kwa watoto wanaopenda kugusa maji kujua kama yamepata moto.

Jambo la pili ni mashuka. Desemba huku bado mabibo yapo, na maji ya bibo yakidondoka kwenye shuka jeupe doa lake halitoki kwa sabuni yoyote ninayoijua. Mgeni hulipishwa shuka, na faida yote ya wiki imekwenda. Tandikeni khanga ya zamani au mkeka sakafuni, mle hapo, au ombeni kutumia meza za nje. Nyumba nyingi zina baraza au kibanda uani ambacho asubuhi hukaa kitupu. Maganda na makombo yasilale ndani, kwani siafu na mende hawana subira, na mhudumu anayesafisha baada yenu ni mama kama wewe. Muulizeni mahali pipa lilipo mlitumie.

Kuhusu Lindi, kama bei haipungui mkiacha kifungua kinywa, basi kileni. Mmekwisha kukilipia.

Baba Mapacha, Masasi

Nimesoma majibu yaliyotangulia na ninakubaliana nayo, lakini kuna gharama ambayo haijatajwa. Miaka miwili iliyopita tulikwenda likizo na familia yangu siku tano, na kila asubuhi tulikula chumbani kama unavyopanga. Fedha tuliokoa kweli. Siku ya nne nikaamka mapema kuliko kawaida, nikamkuta mke wangu amechuchumaa bafuni anaosha vikombe sita kwenye beseni la mikono, akiwa amekwisha kwenda sokoni na kurudi, wakati mimi na watoto tulikuwa tumelala. Niliona haya. Nilikuwa nimemtoa nyumbani kwenda kupumzika, na kumbe nilikuwa nimemhamishia jiko.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla ya kuamua mnunue nini, amueni nani atafanya nini. Mume wako na yule mkubwa waende kununua vitafunwa, na mkubwa huyo apewe fedha na aulize bei mwenyewe, maana hakuna darasa la kujua mji linaloshinda hilo. Wa pili atandike na kukusanya vyombo. Kila mtu aoshe kikombe chake. Na katika asubuhi zenu nne za Mtwara, moja muiache: tokeni nyote mkakae kwa mama lishe, mle supu ya samaki na chapati za moto, muongee na watu. Itakula sehemu ya akiba yenu, lakini mtakaa kwenye benchi na wenyeji, jambo ambalo ndani ya chumba halipatikani.

Nina onyo pia kuhusu uji. Safari hiyohiyo tulipika uji wa maziwa jioni kwa ndugu yetu, tukaumimina kwenye chupa ambayo haikuwa inashika joto vizuri, tukawanywesha mapacha asubuhi. Waliharisha siku mbili, na siku hizo mbili tulizitumia kuwapa maji ya chumvi na sukari ya pakiti badala ya kwenda baharini. Nesi aliyetuhudumia alitueleza kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya muda wa saa mbili, na kikitunzwa cha moto kiwe juu ya nyuzi 60. Chupa yetu asubuhi ile ilikuwa na uji wa vuguvugu tu. Kama mnahitaji maziwa, nunueni yale ya pakiti yanayokaa nje ya friji kabla ya kufunguliwa, tena pakiti ndogo zinazoisha kwa mkupuo mmoja. Chupa zenu zijaribuni nyumbani kabla ya safari: jazeni maji yanayochemka usiku, asubuhi mguse.

Mama wa Watatu, Morogoro

Bibi, shikamoo, na ninyi wengine nawashukuru sana. Mume wangu amesoma yote, na aliposikia habari ya kuomba maji ya moto jikoni wasiwasi wake umekwisha. Birika tumeliondoa kwenye mizigo. Kwa Mtwara tutachukua vyumba bila kifungua kinywa: asubuhi mbili tutakula barazani kwa vitafunwa vya mtaani, ya tatu tutafungasha kwa ajili ya Msimbati, na ya nne tutakwenda kwa mama lishe, kisha tushinde Mikindani, maana mkubwa wangu anataka kuona mji ule ambao David Livingstone aliupitia mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho. Chupa moja kati ya zile mbili imefeli jaribio la Baba Mapacha, tutanunua nyingine.

Limebaki swali la Lindi. Chai iliyolipiwa ni ya watu wanne nasi ni watano, na siku ya kuondoka tutataka kuanza safari ya Kilwa saa kumi na moja alfajiri, kabla jiko halijafunguliwa. Je, ni haki kuomba chochote?

Mpokea Wageni, Lindi

Ni haki kabisa, dada. Kuhusu mtoto wa miaka mitano, piga simu kabla ya kulipa uulize, kwa sababu nyumba nyingine hazimhesabu mtoto wa umri huo na nyingine humhesabu, na jibu utakalopewa mwombe mpokeaji aliandike kwenye karatasi ya malipo, maana zamu hubadilika. Wakisema analipiwa, mnunulieni vitumbua vyake mtaani ale pamoja nanyi mezani, mkiwa mmeomba ruhusa.

Siku ya kuondoka ombeni chai yenu ifungwe. Mayai ya kuchemsha, mkate na ndizi hufungika bila taabu, na chupa zenu zijazwe usiku kabla mpishi hajaondoka. Mayai hayo yasimenywe mpaka mtakapokula, na yaliwe mapema njiani, msiyafikishe Nangurukuru, pale njia panda ya kuingia Kilwa. Ila mwambieni mpishi siku iliyotangulia, kabla ya magharibi, kwa sababu mayai na mikate ya kesho huagizwa jioni, na akishaagiza hana tena wa kumtuma.