Mapichesi yanafika mazuri kwa nje, ndani kahawia na makavu kama sufi. Ni joto la Muscat?

BintiMatrah
Asalaam aleykum wadau, naomba msaada kwa anayeijua hii kazi ya matunda. Niko Muscat, miaka yote nauza embe na ndizi, mwaka huu ndo nimejaribu mapichesi (mafyulisi tulivyokuwa tukiita nyumbani) na nektarini toka Uturuki, nimeyaleta kwa ndege mwezi wa sita. Mzigo umeshuka mchana nje digrii 40 na ushee, nikaukimbiza stoo kwangu kwenye chumba cha baridi, nimekiweka digrii 5 siku zote. Kwa macho mashallah, mekundu hayana hata doa. Siku ya kumi wateja wakaanza kurudisha, nikapasua moja mwenyewe kwa kisu, kuzunguka kokwa pote pamekuwa kahawia na nyama imekauka, ukitafuna utadhani una pamba mdomoni, maji hamna. Nimetupa karibu nusu. Wengine wananiambia joto la uwanjani limeyapika, wengine eti nimeuziwa mzigo wa zamani. Na je niache ndege nijaribu kontena? Nataka kujua kabla sijatia hela tena maana huu mtaji ni wangu na wa mdogo wangu.

FundiFriji
Waaleykum salaam dada, pole sana. Hayo unayoeleza ni maradhi ya baridi, sio ya joto. Mapichesi na nektarini yana eneo lake la hatari, kama digrii 2 mpaka 8 hivi, na wewe umeyaweka katikati kabisa. Pale tunda halilali wala haliivi, kile kinachotakiwa kulainisha nyama kinafanya kazi nusu nusu, maji yanashikwa ndani na nyama inageuka sufi, kisha inaenda kahawia kuanzia kwenye kokwa. Na halionyeshi kitu kwa nje ndo maana linaumiza watu wengi. Yaweke sifuri, hata nusu digrii chini ya sifuri hayagandi kwa sababu ya sukari, na hewa ya chumba iwe na unyevu wa asilimia 90 hivi, hapo pichesi zuri linakaa wiki mbili au tatu.

Joto la uwanjani nalo limekupunguzia siku, sikatai. Tunda la baridi likitolewa kwenye hewa ya moto linatoka jasho na ukungu unapata pa kuanzia. Ila tafadhali nunua themometa ya sindano, ichome mpaka iguse kokwa, usiamini ile ya ukutani maana ile inasoma hewa tu.

Mzigo_Dubai
Naunga mkono ila naongeza. Wengi wanadhani kontena la friji linapoza matunda, kontena linatunza tu ubaridi ambao tunda limekuja nao. Kama huko shambani hawakuyapoza kwa feni za hewa baridi ndani ya masaa machache baada ya kuchuma, ukiyapakia yana digrii 20 yatasafiri na joto lake hilo siku na siku. Mwambie anayekuuzia aweke loga (kidude kinachorekodi joto njia nzima) ndani ya boksi la katikati, ukipokea unaona safari nzima imekuwaje, na ubishi unaishia hapo.

Kuhusu meli, plamu ndo zinavumilia, sisi huku Desemba mpaka Machi tunapokea za Afrika Kusini kwa kontena mpaka Jebel Ali, bandari ya Dubai, na zinafika salama. Aprikoti na cheri usithubutu safari ndefu ya bahari, hizo ni za ndege. Tena kwa aprikoti angalia kwanza za Jabal Akhdar hapo hapo kwenu, zinapandwa mlimani juu kama mita 2,000, huwezi kushindana na mishmishi (ndo hiyo aprikoti) iliyochumwa jana. Karatasi usisahau cheti cha afya ya mimea, na paleti za mbao ziwe na ule muhuri wa kutibiwa, bila huo mzigo unakaa juani ukisubiri.

MkulimaLushoto
Nimesoma hii nikaumia wakuu. Sisi huku Lushoto plamsi na pichesi zinaiva Desemba mpaka Februari, wakati ule ule wa Afrika Kusini, ila tunachuma zimeiva kabisa, tunajaza kwenye matenga, za chini zinapondeka, basi linashuka Mombo na jua lote. Sina chumba cha baridi. Nikichuma mapema zikiwa ngumu zitaiva zenyewe njiani?

FundiFriji
Mkuu zitaiva, pichi na plamu zinaiva baada ya kuchumwa, cheri ndo haiivi tena. Ila ukichuma changa mno zitalainika bila utamu, subiri rangi ya msingi ya ngozi, sio ule wekundu wa juu, itoke kwenye kijani. Chuma alfajiri, weka kivulini kwenye kreti za plastiki zisizo ndefu. Na kabla ya kuota soko la nje waone TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania) kuhusu nzi wa matunda, huyo ndo anayezuia mizigo.

BintiMatrah
Nashukuruni sana wote. Nimenunua themometa jana, ukutani inasoma 5, ndani ya tunda 7! Fundi ananishushia chumba mpaka sifuri kesho, mboga nazihamishia kwingine. Swali la mwisho, mteja anataka laini ya kula leo, nafanyaje?

FundiFriji
Toa zile za kuuza siku mbili tatu tu, ziache kwenye digrii 20 mpaka zilainike, uza. Ukishazitoa usizirudishe tena kwenye ile 5.