Kusomwa na wenzako kulikufundisha nini?

Swali: Nimeandika kwa siri miaka 6, daftari liko chini ya godoro. Juzi nilimwonyesha rafiki ukurasa mmoja, mikono ikitetemeka. Ninyi mliozoea kusomwa, mlijifunza nini?

Jibu la 1: Kupokea sifa! Kukosolewa nilishakuzoea. Lakini msomaji aliponiambia kisa changu cha kuachishwa kazi kilimliza, nilikaa siku 3 sijui nimjibu nini. Mwishowe niliandika "asante" tu. Ikatosha, tukawa marafiki.

Jibu la 2: Mimi kufuta. Aya ya kwanza mara nyingi ni kukohoa tu kabla ya kusema.

Muulizaji: Loo, basi ukurasa wangu wote ni kikohozi! Leo usiku naurudia.