Tairi za upana gani kwa njia ya makoro (mawe ya volkano), Majengo hadi Kibati?

Mwalimu wa Majengo
Habari zenu wapenzi wa kinga, yaani baiskeli. Mimi nafundisha upande wa Kibati, nakaa Majengo hapa Goma, na kila siku ya masomo napanda kwa baiskeli. Nikifika Buhene, kule lava ya volkano ya Mei 2021 ilikomea, naingia njia ya ndani iliyomwagwa makoro ya kupondwa. Mengine ni kama punje za maharagwe, mengine kama ngumi ya mtoto. Tairi zangu ni 28-622, yaani upana milimita 28, kipenyo cha janti (duara la chuma la gurudumu) milimita 622. Nina kilo 76, na nyuma nabeba daftari za wanafunzi, kilo 7 hivi.

Mwezi huu mpira wa ndani umetoboka mara nne, kila mara gurudumu la nyuma, kila mara matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba. Rafiki alinishauri nipunguze upepo, nikatoka bari 6 hadi 4. Kweli mikono haifi ganzi tena, lakini kutoboka ndiko kumezidi. Soko la Virunga nimeona za upana wa 35, 40 na 45. Pesa ninayo ya kununua mara moja tu. Nichukue ipi?

Fundi wa Birere
Mwalimu, hayo matundu mawili si ya msumari. Janti yako mwenyewe ndiyo inauma mpira. Tairi ya 28 ni nyembamba na pia ni fupi: jiwe likigonga, inalala hadi chini, mpira unabanwa kwenye kingo mbili za janti, unatoka na matundu mawili. Kuhusu upepo rafiki yako ana haki, ila upepo mdogo unataka tairi nene. Na ukirudi bari 6 utarukaruka juu ya makoro, ukipanda gurudumu la nyuma litazunguka bure.

Chukua 40, kama inaingia. Usikisie! Weka rula pale uma wa nyuma unapobana karibu na pedali, kisha uma wa mbele. Ukitoa upana wa tairi, ibaki nafasi ya milimita 5 kila upande.

Sokoni soma namba ya ubavuni: 40-622. Usitosheke na muuzaji akikuambia "ni 28", maana hapo anataja inchi za gurudumu, si upana. Mama mmoja aliniletea tairi mpya kabisa iliyoandikwa 28 x 1 1/2. Hiyo ni ya zile kinga kubwa nyeusi za zamani, 635, kipenyo kinazidi chako milimita 13. Haiwezi kushika janti yako hata ukiivuta namna gani. Iliniuma, maana alikuwa ameshalipa.

Tena, makoro yakipondwa yanavunjika kama chupa, na ubavu wa tairi ndio unaokatwa. Upana hauzuii hilo. Kama ni ya mitumba, ikunje utazame: mipasuko midogo ikijitokeza, iache. Mimi sitoki bila kipande cha tairi kuukuu, urefu wa kidole, cha kuweka ndani kukitokea mkato.

Kadutu Juu
Yaya fundi, mimi niko Bukavu na shida yetu ni tope. Nilifunga 42 nikabakiwa na milimita 3. Mvua ya Novemba, napanda Kadutu, kijiwe kikashikana na tope ndani ya uma, gurudumu likasimama kabisa. Nilipokitoa, rangi ilikuwa imeng'oka hadi chuma. Sasa natumia 35 na sijakwama tena.

Fundi wa Birere
Kwa Bukavu na mimi ningefunga 35. Huku maji yanazama kwenye makoro, mvua ikikatika saa moja tu unapita. Mwalimu abaki na 40.

Mwalimu wa Majengo
Nimepima: nyuma 51, mbele 54. Ile 45 ingeniachia milimita 3 tu kila upande nyuma, nikamkumbuka ndugu wa Bukavu. Nimefunga 40-622. Ikiwa imejaa haikupita kati ya raba za breki, ikabidi nitoe upepo kwanza, niingize gurudumu, kisha nijaze. Nyuma bari 3, mbele 2.7. Leo ni siku ya tisa na sijatoboka. Kwenye lami nahisi uzito kidogo nikianza kukanyaga, lakini Buhene napita nimeketi, zamani nilikuwa nasimama juu ya pedali.

Ila jana nimeona mkato ubavuni kulia, mfano wa punje ya mchele, na nyuzi nyeupe zinaonekana. Naweza kuendelea nayo?

Fundi wa Birere
Paguse kwa kucha. Kama nyuzi ni nzima, weka kipande ndani leo jioni, utaenda nayo miezi. Kama zimekatika, ukijaza upepo patavimba kama jipu. Ukiona hivyo usishuke nayo kutoka Kibati. Niletee, nitaishona.